Tarakilishi, sufuria na shilingi 500 kwa siku

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Leo sitaongea juu ya simu mpya wala programu za bure. Leo ni habari ya sufuria! Lakini ngojeni, msitoroke. Hesabu ipo na msimbo upo.

Kwetu tuko watu sita: mimi, mke wangu, Mama, wadogo zangu wawili wanaosoma, na binti yetu wa miaka mitatu. Nikishalipa kodi ya nyumba, karo na nauli, chakula kinabakiwa na shilingi 15,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 unapata 500. Gawanya tena kwa sita unapata shilingi 83 kwa kila mtu, kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa usiku. Najua wengi wenu mko hapo hapo, au chini yake.

Miezi michache iliyopita binti alipimwa damu kliniki, ikaonekana iko chini. Alipewa dawa ya kuongeza madini ya chuma, na muuguzi akatuambia tuangalie chakula pia. Mtoto huyu hajawahi kulala njaa hata siku moja. Lakini kushiba ni jambo moja na kulishwa vizuri ni jambo jingine.

Sasa, swali la "chakula bora kwa pesa kidogo" ni la zamani sana katika fani yetu. Mwaka 1945 mwanauchumi Mmarekani George Stigler (huyu baadaye alipata tuzo ya Nobel, 1982) alichukua vyakula 77 na virutubishi 9, akauliza: mwanamume mmoja anaweza kuishi mwaka mzima kwa bei gani ya chini kabisa bila kupungukiwa? Kwa bei za mwaka 1939 alipata dola 39.93. Kwa mwaka mzima! Orodha yake ilikuwa unga wa ngano, maziwa ya mkebe, kabeji, spinachi na maharagwe makavu. Basi.

Stigler alikadiria kwa akili, maana njia ya uhakika haikuwepo. Mwaka 1947 George Dantzig akabuni njia iitwayo simpleksi, na swali hili la chakula likawa kati ya majaribio yake ya kwanza makubwa. Makarani tisa walikaa na mashine za kuhesabia za mkono, kazi ikala siku 120 ukijumlisha siku za wote. Jibu: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu!

Angalieni orodha yake tena. Unga, maharagwe, mboga za majani, maziwa kidogo. Badilisha ngano iwe mahindi, na kabeji iwe sukuma wiki. Hicho si chakula cha jioni cha nusu ya Kenya? Mama zetu walifika pale pale alipofika mshindi wa Nobel, tena bila karani hata mmoja.

Hesabu zilizowamaliza wale makarani leo zinafanywa na tarakilishi ya kawaida kabla hujapepesa macho. Nilitumia Python na maktaba ya SciPy, mistari kama arobaini hivi. Wazo ni rahisi. Unaorodhesha vyakula na bei zake. Unaandika kila kimoja kina kalori, protini, chuma, kalsiamu na vitamini kiasi gani. Unaweka masharti: protini isipungue hapa, chuma isipungue pale. Halafu unaiambia programu itafute mchanganyiko wa bei ya chini kabisa unaotimiza masharti yote.

Kazi ya kwanza ni kuacha kuangalia bei ya kilo. Bei ya kilo inadanganya. Swali ni: shilingi kumi zinaninunulia nini? Hii hapa protini tu, kwa bei nilizolipa mimi wiki ile (kwenu zitakuwa tofauti):

- Ndengu (170 kwa kilo): karibu gramu 14
- Maharagwe (180 kwa kilo): karibu gramu 12
- Unga wa mahindi (150 kwa kilo 2): karibu gramu 11
- Mayai (15 kwa moja): gramu 4
- Nyama ya ng'ombe (600 kwa kilo): gramu 3 na kidogo
- Maziwa (60 kwa nusu lita): chini ya gramu 3

Mtashangaa unga kuwa juu hivyo. Tatizo ni kwamba protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kimoja kiitwacho lisini, na maharagwe yana lisini tele. Ndiyo maana githeri si chakula cha kubahatisha. Vile viwili vinakamilishana. Omena kavu nayo inashinda mayai na nyama kwa mbali, na kwa sababu unaila na mifupa yake, inaleta kalsiamu.

Kwa makusudi nilianza na masharti ya lishe peke yake, nione programu itasema nini. Jibu: shilingi 380 kwa siku, watu sita! Unga, maharagwe, sukuma, mafuta, omena kidogo. Jumatatu hayo. Jumanne hayo. Hadi mwisho wa mwezi ni hayo hayo.

Nilichapisha karatasi nikampa Mama. Akavaa miwani, akasoma yote taratibu.

"Sasa hii mashine yako, imewahi kulea mtoto?"

"Bado, Mama."

"Basi iambie tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Hilo bakuli la maharagwe atalimaliza saa ngapi?"

Hilo ni sharti, tena sharti la kweli ambalo halimo katika jedwali lolote la virutubishi. Mtoto hushiba kabla hajapata anachohitaji, kwa hiyo kidogo anachokula lazima kibebe vingi. Mama akataja yake: omena ikaangwe kavu, isagwe, itiwe kwenye uji pamoja na njugu karanga zilizosagwa. Nikaongeza mtoto kama mlaji wa peke yake, mwenye kikomo cha bakuli lake.

Hata Dantzig mwenyewe yalimkuta. Alisimulia mwaka 1990 kwamba katika miaka ya 1950 alitaka kupunguza uzito, akaitumia njia yake kujipangia chakula cha kumfanya ajisikie ameshiba. Tarakilishi ikampa siki, galoni 500 kwa siku. Alipoiondoa siki, ikampa vipande 200 vya kuongeza ladha ya supu. Haikuwa na hitilafu yoyote. Ilifuata masharti iliyopewa, na hakuna aliyeiambia kwamba binadamu hanywi siki kama maji. Mwishowe ni mkewe aliyechukua usukani wa chakula chake.

Kwa hiyo tulikaa mezani jioni moja, kila mtu akataja asichotaka kuacha. Na hapa ndipo programu ilipolipa gharama yake, maana ukiongeza sharti moja moja, inakuonyesha kila sharti linagharimu kiasi gani:

- Chai ya maziwa kila asubuhi: shilingi 45 kwa siku
- Maharagwe yasizidi mara nne kwa wiki, siku nyingine iwe ndengu, mayai au omena: 20 kwa siku
- Matunda, hasa kwa watoto: 15 kwa siku
- Maini robo kilo kila Jumamosi: 110 kwa wiki
- Chapati Jumapili: 90 kwa wiki

Jumla tukafika 489 kwa siku. Tumeingia ndani ya 500, na chapati ipo!

Mnaona tofauti? Zamani tukisema "tupunguze matumizi" ilikuwa ni ugomvi, au ilikuwa ni mtu mmoja kujinyima kimya kimya. Sasa kila kitu kina bei yake mezani. Mdogo wangu alitaka soda ya wikendi, tukaangalia inasukuma nini nje, akachagua chapati mwenyewe. Wala sikusema neno.

Lakini kuna vitu programu haivioni kabisa. Nataja vinne.

Kwanza, mpangilio. Chuma ya mboga na maharagwe mwili huipokea kwa shida. Ukiongeza vitamini C, kama ndimu au chungwa, unaipokea vizuri zaidi. Ukinywa chai pamoja na chakula, chai inaizuia. Kwa hiyo chai ya jioni tumeisogeza mbali na ugali, na ndimu inakamuliwa juu ya ndengu. Kuisogeza chai hakugharimu hata senti.

Pili, moto. Maharagwe ni rahisi sokoni lakini yanakula gesi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mengi mara moja, kisha ugawe kwa siku mbili tatu kama una friji.

Tatu, aina ya unga. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini, chuma ikiwemo. Unga wa kusagisha unaweza kuwa rahisi zaidi, lakini nyongeza hiyo haumo. Kwa nyumba yenye mtoto mwenye damu kidogo, tumekaa na pakiti. Na bei zake ziangalieni kila mara. Julai 2022 ruzuku ilishusha pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 100, na Septemba hiyo hiyo ruzuku ikaondolewa. Orodha ya mwezi uliopita si orodha ya mwezi huu.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu: programu inahesabu sufuria, haihesabu sahani. Sufuria inaweza kutosha watu sita na bado mmoja akakosa. Mama hupakua chake mwisho, siku zote, na nyama ikiwa kidogo husema hana hamu. Hakuna sharti la kuandika katika Python litakalobadilisha hilo. Tulichofanya ni kubadilisha mpakuaji. Siku hizi mke wangu ndiye anayepakua, na sahani ya Mama inatangulia.

Damu ya binti ilipopimwa tena baada ya miezi mitatu ilikuwa imepanda hadi kiwango kizuri. Dawa alizimaliza zote, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni dawa au ni omena. Wenye watoto, hospitali kwanza, jedwali baadaye.

Huhitaji kujua Python kufanya haya. Excel na LibreOffice Calc zote zina kifaa cha kutatua hesabu za namna hii, na hata karatasi na kalamu zinatosha kwa ile orodha ya shilingi kumi. Anza na bei za mama mboga wako. Kisha, kabla hujakata chochote, waulize wa nyumbani mwako ni nini hawako tayari kuacha. Masharti ndiyo kazi yenyewe. Kujumlisha waachieni tarakilishi.

Haya, kwa leo ni hayo. Ndengu zinachemka. Mbaki salama!