Meneja au Basi

Mwaka 2006, programa aliyeajiriwa benki Dar es Salaam alikuwa na njia moja tu ya kupanda. Unaanza afisa TEHAMA, unakuwa afisa mwandamizi, halafu unasubiri meneja astaafu au ahame. Mimi nilikaa ghorofani Mtaa wa Samora nikiandika ripoti kwa Visual Basic 6. Mfumo mkuu wa benki ulinunuliwa nje na hatukuruhusiwa kuugusa. Kazi yetu ilikuwa kuchota takwimu humo na kuzipanga walivyotaka wakuu wa matawi. Muda uliobaki tulifungua printa zilizomeza karatasi. Kwa ndugu zangu nilikuwa fundi kompyuta, na kila sikukuu niliwekewa laptopu yenye virusi kabla pilau haijaiva.

Aliyeandika vizuri kuliko sote kitengoni alipewa umeneja. Tulimpongeza, tukala keki, na tangu wiki hiyo hakuandika tena. Akawa mtu wa kusaini maombi ya wino na kukaa vikao vya bajeti. Benki haikuwa na namna nyingine ya kumwongezea mshahara. Tuliobaki, nyongeza tuliifuata kwa miguu: unavuka barabara kwenda benki ya jirani, wanakuongezea kidogo, baada ya mwaka au miwili unavuka tena. Wapo waliozunguka hivyo mpaka wakarudi walikoanzia, mshahara umenona na kazi ni ileile ya ripoti.

Kilichovuruga utaratibu huo ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Julai 2009 ukafika mkongo wa baharini wa SEACOM, nasi tuliozoea intaneti ya setilaiti, ya kuacha faili lijipakue usiku kucha, tukaanza kufanya kazi kama watu. Haikupita muda benki zikataka mteja atoe pesa kwenye akaunti na kuiingiza kwenye simu mwenyewe. Kazi ya kuunganisha mifumo hiyo ilibidi ifanyiwe hapahapa mjini, na watu wanaofahamiana na pande zote mbili. Nikaacha benki, nikahamia kampuni ndogo Kijitonyama iliyokuwa ikiifanya.

Huko ndiko nilikoona pesa inavyopotea. Mfumo unakata shilingi 50,000 kwenye akaunti, unatuma ombi kwa kampuni ya simu, unasubiri jibu. Jibu likichelewa, mfumo unadhani ombi limekwama, unatuma tena. Kumbe la kwanza lilifika. Mteja anakuta 100,000 kwenye simu na ananyamaza; nani apige simu kushtaki kwamba amezidishiwa? Dawa yake inajulikana: kila muamala upewe namba yake pekee, na kabla ya kurudia, uliza kwanza kama namba hiyo imeshapokelewa. Lakini mkataba wa kiufundi tuliokabidhiwa na benki moja haukuwa na neno lolote kuhusu kuuliza.

Hasara ilimwangukia dada mmoja wa usuluhishi wa hesabu, aliyezifunga kila jioni kwa orodha mbili zilizochapwa, rula na kalamu ya rangi. Nilikwenda kwake kuomba ufafanuzi wa safu moja ya faili, nikashinda pale mchana kutwa.

"Kaka, hii haijapotea," aliniambia, rula ikiwa chini ya mstari. "Imevuka saa sita ya usiku. Utaikuta kwenye orodha ya kesho."

Tangu hapo nilianza kukaa na wahasibu kabla ya kuandika chochote, na hicho ndicho kilichonipandisha mshahara kuliko lugha yoyote ya programu niliyojifunza. Nikaitwa mchambuzi wa mifumo, cheo ambacho benki yangu ya kwanza haikuwa nacho. Serikali nayo ilipohamishia makusanyo yake kwenye mfumo wa GePG, wenye kutoa kumbukumbu namba ya malipo, kila taasisi ilitafuta mtu wa kuiunganisha. Nikasajili jina la biashara BRELA, nikachukua TIN, nikajiajiri. Kwenye ankara nilikuwa tajiri. Kisha mteja anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, jambo ambalo ni haki, na kinachobaki anakilipa anapojisikia, jambo ambalo si haki. Ilikuwa maisha ya deiwaka mwenye tai.

Wenzangu waliangalia nje. Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014, ilikuwa imeingia Nairobi kutafutia kampuni za Marekani waandishi wa programu, na vijana wengi Dar walitamani njia hiyo. Septemba 2019 ikawapunguza mamia ya wachanga wake, maana wateja walitaka wakongwe. Wengi waliiona habari ile kama mlango kufungwa. Kwangu mimi mkongwe ilikuwa tangazo la kazi. Korona ilipokuja mwaka uliofuata na ofisi za Ulaya zikahamia mezani jikoni, nikapata mkataba na kampuni ya malipo ya Uholanzi. Euro zilikuja tarehe ileile kila mwezi. NSSF na bima ya afya nilijilipia mwenyewe, na kipindi cha mgao wa umeme nilinunua inveta kabla ya kununua kiti kizuri.

Sasa nasimamia bidhaa kwa kampuni ya hapa nyumbani. Naamua kijengwe nini, naandika kidogo, na ripoti nilizokuwa nikizitolea jasho Samora kijana anaiambia mashine iziandike, naye anazikagua. Yule meneja wetu wa zamani amerudi kwenye kuandika. Ni mhandisi mkuu chini ya bosi anayemzidi umri, na analipwa kuliko alipokuwa na ofisi yenye mlango.

Mwezi uliopita tulikuwa tukisaili mtu wa malipo. Huwa nauliza jambo moja: pesa imekatwa, jibu halijarudi, utafanyaje? Wengi husema watatuma tena. Wachache husema watauliza hali ya muamala, na hao huwa tunaendelea nao. Binti mmoja alifikiri kidogo, akaniuliza, "Samahani kaka, kwenu hesabu za jioni anafunga nani?" Nikamwombea kiwango cha juu kabisa tulichokuwa tumetengewa, na rasilimali watu wakataka maelezo kwa maandishi.