Mkokoteni wa Baba

Wahenga walinena, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Mpenzi msomaji, mwiba nilioudharau mimi ulikuwa mkokoteni wa baba yangu mzazi.

Baba hununua vyuma vikuukuu mtaani Kariobangi. Kila alfajiri, jogoo la kwanza linapowika, mimi humsikia akiusukuma kwenye changarawe, kwaru! kwaru! Jioni hurudi nao umesheheni fremu za baiskeli, karai zilizotoboka na vipande vya mabati. Wenzangu waliniita "Skrapu". Nami, Mola anisamehe, nilipokutana na baba njiani nilijitia hamnazo nikavuka barabara.

Mnamo Januari 2022, umeme ulipotea karibu nchi nzima baada ya minara ya nyaya kuanguka. Waliong'oa vyuma vya minara wakalaumiwa, na serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu. Mkokoteni ukalala uani. Nami nilikuwa nikisubiri kuingia kidato cha kwanza.

Usiku mmoja tukinywa strungi bila kitafunio, mtu alibisha hodi. Alikuwa na gunia la vyuma vya mnara vilivyokatwa kwa msumeno.

"Mzee, chukua kwa bei ya kutupa. Marufuku ikiisha utauza."

Baba alinitazama, kisha akalitazama gunia. "Hapana, ndugu yangu. Hicho si skrapu. Hicho bado kiko kazini. Enda nacho."

Moyo uliniuma. Nilimwona baba mjinga wa kutupwa. Marufuku iliondolewa mwezi Mei, nami nikaripoti shuleni nimechelewa wiki tatu, sanduku langu likiwa la kuazima.

Nilipofika kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kemia alitufunza jinsi chuma kinavyopatikana. Madini ya chuma hutoka ardhini yakiwa yameshikana na oksijeni. Katika tanuri kubwa, makaa ya mawe yaliyookwa huipokonya madini hayo ile oksijeni, na hapo ndipo hewa ya kaboni, inayoitia dunia joto, hutoka. Kila tani moja ya feleji inayotengenezwa kwa njia hiyo huleta takriban tani 2 za hewa hiyo. Huko Luleå, nchini Uswidi, mwaka wa 2021 walitumia haidrojeni badala ya makaa ya mawe, na kilichotoka tanurini kikawa mvuke wa maji.

"Na sisi je, Mwalimu?" mmoja wetu aliuliza.

"Sisi tuna njia iliyo karibu zaidi. Chuma kikuukuu kiliachana na oksijeni zamani. Ukikiyeyusha kwa umeme huhitaji makaa ya mawe kukitenganisha tena. Na zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Vyuma hivyo havitoshi dunia nzima, ndiyo maana haidrojeni inatafutwa. Lakini hata hivi vyetu, lazima kuwe na mtu wa kuvikusanya."

Mtu nyuma alinong'ona, "Skrapu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Niliinua mkono. "Mwalimu, baba yangu huvikusanya."

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile gunia. Kama minara yote ingekatwa, umeme wa kuyeyushia ungepitia wapi? Baba hakusoma Kemia, lakini alijua chuma kilichomaliza kazi na chuma kilicho kazini.

Tulipofunga shule nilimkuta karibu na soko, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Baba. Nipishe nisukume."

"Marahaba. Utachafua sare, mwanangu."

"Itafuliwa, Baba."

Tulipita mbele ya wanafunzi wenzangu wawili. Sikuvuka barabara.