Mvinje, mti unaoshiba mchangani

Msomaji, siku ukijaliwa kutembea Mji wa Kale wa Mombasa, usitazame milango ya nakshi peke yake. Inua macho. Katika kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu nilikuta nyumba kongwe ikipakwa chokaa, mafundi wamesimama juu ya jukwaa la miti myembamba iliyonyooka kama mishale.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia mkubwa wao. "Hii ni misonobari?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu huku akicheka. "Msonobari uko kwenu bara. Huu ni mvinje."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yangu alipostaafu alihamia Kikambala, kaskazini ya kisiwa, kwenye kiploti cha mchanga mtupu. Upepo wa bahari ulimuulia michungwa yake yote. Nikamnunulia miche 40 ya huo niliouita msonobari, tukaipanda kwa shangwe. Masika yalipopita ilikuwa imebaki 3, nayo ya manjano.

Kwa mbali mvinje humdanganya yeyote: sindano za kijani mwaka mzima, na vitunda vyenye magamba. Lakini chuma sindano moja uivute. Itakatika kwenye pingili kama mua. Hicho ni kitawi. Majani yenyewe ni vigamba vidogo mno vinavyozunguka pingili. Hata ukoo wake na msonobari ni mbalimbali.

Yule fundi, ambaye ana shamba la mivinje Kilifi, aliniuliza swali moja tu: "Mlitia udongo wa mamake?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mche hupewa konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa. Baadaye nilisoma, nikaona mzee hakosei. Katika mizizi ya mti huu huota vinundu, na ndani yake huishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Pasipo bakteria hao, mchanga ni njaa tupu.

Ukitaka ushahidi, panda matatu ya Mtwapa, vuka daraja la Nyali, ushuke Bamburi. Pale kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswizi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa 3 tu, na mvinje ukiwamo. Tatizo likawa sindano zilizoanguka: hazikuoza. Dawa yake haikutoka dukani. Haller aliletewa majongoo, wakazitafuna, na kinyesi chao kikawa mbolea. (Mimi huruka nikimwona jongoo, lakini siku hizi humpisha njia.) Leo mahali hapo ni Haller Park, pana msitu na viboko.

Basi nawe ukitaka kujaribu, chuma vitunda vikiwa vimeanza kugeuka kahawia, uvianike juu ya karatasi mpaka vitoe mbegu. Mbegu ni ndogo, zina kibawa, na sisimizi huzipenda kupita kiasi. Wengine hutia majivu kuzunguka kitalu. Changanya ule udongo wa mamake katika mifuko ya miche. Ikifika urefu wa futi moja hivi, ipande masika yanapoanza, mahali penye jua kamili, maana mvinje hautaki kivuli. Usiupande karibu na nyumba, wala usitegemee mboga kustawi chini yake. Na ukiukata kwa kawaida hauchipui tena. Itakubidi upande upya.

Faida? Baada ya miaka minne au mitano unapata miti ya kujengea, na kila mti unaotoka shambani ni boriti moja isiyokatwa kwenye mikoko.

Tulirudia kwa miche 30, na gunia la udongo kutoka kwa fundi. Imesimama 26, ina miaka mitatu, na nyuma yake michungwa mipya imeshika. Fundi huniuliza kila nikipita Mji wa Kale ni lini tutamuuzia. Mama hataki kusikia shoka likitajwa.