Paka wa Nyumba Haingwa

Kwa miaka mingi tumewasomesha wana wa chuoni habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhi, mpaka akafa. Hatukudhani kwamba iko siku sisi wenyewe tutaamriwa kumfungia paka, tena na tabibu.

Paka wetu ni dume la rangi ya majivu, aliyeingia kwetu Kibokoni akiwa mdogo. Usiku akipigana na mapaka shume wa mtaani, asubuhi akirejea na majeraha. Baada ya Idi iliyopita ufizi wake ulivimba, jeraha la shingoni likakataa kupona, naye akakonda. Daktari wa wanyama alimtoa damu, akaipima, akatwambia ana virusi viitwavyo FIV, vidhoofishavyo kinga ya mwili wa paka. Viligunduliwa California, Marekani, mwaka 1986, na dawa ya kuviondoa haipo.

Mtaani habari ilikwisha geuka kuwa "ukimwi wa paka". Ahli yetu aliwakusanya wajukuu, akasema: "Maalim, nyau huyu na atoke leo. Wana hawa hulala naye." Hatukumlaumu. Na tukiri ukweli: paka alipokuja kujisugua kwenye kanzu yetu jioni ile, tuliukunja mguu.

Kesho yake tulirejea kwa daktari pamoja na ahli yetu, aulize mwenyewe. Akajibiwa kwamba virusi hivi vina nasaba na vya ukimwi, lakini ni vya paka. Havimwingii binadamu, hata akiumwa au akikwaruzwa. Baina ya paka huenea zaidi kwa meno yazamayo mwilini wakati wa ugomvi. Na wako paka waishio navyo miaka mingi, wakitunzwa. Masharti ni haya: asitoke nje, asile nyama wala samaki mbichi, apimwe kila miezi sita, na akionyesha dalili ya ugonjwa asicheleweshwe.

Usiku tatu mfululizo alilia mlangoni, na kila kilio kilitukumbusha yule mwanamke. Ndipo tukairudia hadithi ile kwa utulivu, tukaona kwamba kosa lake halikuwa mlango peke yake, bali mlango uliofungwa na chombo kitupu. Amfungiaye kiumbe amejitwika riziki yake yote. Na kumtoa nje kungekuwa dhara mbili: angepata maradhi mengine, na angewauma wenziwe akawaambukiza.

Tukakumbuka pia habari ya Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu, akaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Basi aliyetuzungukia akiwa mzima, tumfukuze kwa kuwa ameugua?

Tulitia wavu kwenye dirisha lielekealo uchochoroni, akapata pa kukaa na kutazama njia. Samaki wake huchemshwa bila chumvi. Mchanga wake hubadilishwa kila siku na mikono huoshwa kwa sabuni. Mwenye mimba haugusi, na hilo ni kwa paka yeyote, si huyu tu. Jeraha la shingoni limefunga, na mwili umeanza kurudi.

Juzi jirani alibisha hodi, akauliza kwa sauti ya chini kama lile paka bado limo ndani. Tukamsikia ahli yetu akijibu toka jikoni, mwiko mkononi: "Mgonjwa wetu hajambo, alhamdulillahi. Ingia, lakini funga mlango nyuma yako."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa kila alichotukabidhi, mwenye kusema na asiye na ulimi wa kusema. Amin.