Kisasi na Ardhi katika Filamu ya Monkey Man

Wenzangu wengi waliotazama filamu ya Monkey Man (2024) husimulia ngumi na visu tu. Kwangu mimi, ngumi zile ni ganda. Kiini chake ni ardhi.

Filamu hii iliongozwa na Dev Patel, ambaye pia ndiye mhusika mkuu. Mandhari yake ni Yatana, jiji la kubuni nchini India. Kijana asiyetajwa jina anapata riziki kwa kupigana ulingoni akiwa amevaa kinyago cha nyani, kwa mfano wa Hanuman, mungu ambaye mama yake alimsimulia habari zake utotoni. Mama huyo aliuawa na Rana, mkuu wa polisi, siku wanakijiji walipofurushwa ili ardhi yao ichukuliwe. Nyuma ya Rana yuko Baba Shakti, kiongozi wa dini anayehubiri unyenyekevu huku akijilimbikizia mali na kukipigia debe chama cha siasa. Hapo ndipo dhamira inapojitokeza: polisi wanatoa nguvu, dini inatoa uhalali, na mnyonge anapoteza shamba.

Mara ya kwanza kijana anakwenda kumuua Rana peke yake. Anashindwa na kuponea chupuchupu. Wanaomwokoa ni hijra, watu wa jinsia ya tatu, wanaoishi hekaluni chini ya uongozi wa Alpha. Mahakama ya Juu ya India iliitambua jinsia hiyo mwaka 2014, lakini katika filamu bado wanaishi kwa hofu. Nimeliacha neno hijra lilivyo, kwani maneno ya Kiswahili ninayoyasikia mtaani ni matusi, ilhali filamu inawapa heshima. Wao ndio wanaomuuguza, na ndio wanaorudi naye vitani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba mwishoni haki imetendeka. Rana anakufa, Baba Shakti anakufa, lakini hatumwoni mwanakijiji hata mmoja akirudishiwa shamba lake. Chama kile bado kina wafuasi, na askari wengine bado wana bunduki. Kisasi kimemtuliza mtoto aliyefiwa na mama. Waliofurushwa pamoja naye bado hawana pa kulima.