Kupiga Windows Muleba

Wengi mmeuliza mbona kimya wiki zile za BTP. Nilikuwepo jamani, ila nilikuwa na wagonjwa wawili: Kidato cha Pili B kwenye Jiografia, na kompyuta ya ofisi ya walimu. Kidato cha Pili B nitawasimulia siku nyingine. Leo zamu ya kompyuta, maana mtapangiwa shule zenye kompyuta kama ile, na ukionekana tu na laptopu begani basi wewe ndiye fundi.

Shule iko Muleba, jina naliacha. Kompyuta ni ya mezani, Windows 7, RAM GB 2, diski GB 160. Walimu wanamwita Bibi. Bibi alikuwa ofisini siku ya tetemeko la Septemba 10, 2016, kabati likaanguka, yeye akabaki mezani. Ndani yake kuna alama za wanafunzi za miaka zaidi ya kumi, na nakala nyingine hakuna. Basi akaanza kugoma kipindi kibaya kabisa: alama za moko ya Kidato cha Nne zilitakiwa wilayani Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mwalimu wa taaluma, mzee wa heshima anayekaribia kustaafu, akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Kijana, fundi mmoja katushauri tupige Windows 11 juu ya hii, yote yataisha. Unaweza?" Nikamwambia, "Mwalimu, naomba kwanza tujue mgonjwa anaumwa nini." Si ndivyo tunavyofundishwa humu darasani? Pima mwanafunzi anajua nini kabla hujamwaga somo.

Dalili ya kwanza: kila asubuhi saa ya Bibi ilirudi mwaka 2008, na tovuti karibu zote zikadai si salama. Walimu walidhani ni virusi. Kumbe kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko 2008, cheti cha juzi inakiona hakijazaliwa, inakikataa. Saa inapotea kwa sababu ya betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, CR2032, volti 3. Ndiyo inayotunza saa umeme ukizimwa ukutani. Ikifa, kumbukumbu inafutika kila usiku.

Nikarekebisha saa kwa mkono. Tovuti kadhaa zikafunguka, nyingine bado. Dalili ya pili hiyo: brauza imezeeka. Windows 7 iliachwa kuhudumiwa Januari 14, 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni namba 109 ya mwaka 2023. Hapo hata ubadilishe betri mia, haisaidii.

Sasa kwa nini sikupiga Windows 11? Kwa sababu yenyewe ina masharti: RAM GB 4, nafasi GB 64, prosesa ya 64-biti iliyomo kwenye orodha yao, UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, na kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Prosesa ya Bibi ni Core 2 Duo, imetengenezwa miaka mingi kabla ya orodha hiyo. Njia za kuruka masharti zipo, vijana wa mjini wanazijua, lakini kompyuta iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma haina uhakika wa kupata masasisho. Na Windows 10? Ingeingia kwa kujikongoja, ila nayo muda wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, na nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida ikawekewa kikomo Oktoba 2026. Tungekuwa tunahama nyumba inayovuja kwenda nyumba yenye notisi.

Nikampa mwalimu pendekezo la Linux Mint, toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Mint 22 ilitoka 2024, inahudumiwa hadi 2029, inaanzia RAM GB 2 japo GB 4 ndiyo raha. Akaniangalia kwa muda. "Waitu, kijana. Alama zikipotea, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wazazi. Wewe utakuwa umesharudi chuo." Jamani, maneno yale yaliniingia. Alikuwa na haki. Sisi wa BTP tunapita, wao wanabaki na tulichokiacha.

Kwa hiyo tukakubaliana sharti moja: diski ya zamani haifutwi. Mkuu wa shule akatoa hela ya SSD ndogo. Alhamisi ile ile nikanakili mafaili yote, GB 11 tu kumbe, kwenye flashi mbili, moja ya mwalimu na moja ya kabati la mkuu. Kisha tukayafungua kwenye laptopu yangu moja moja, tuhakikishe si majina matupu. Nakala ambayo hujaijaribu kuifungua bado ni matumaini tu.

Jumamosi nikapanda Hiace kwenda Bukoba, Muhutwe, Kemondo, hadi mjini. Betri nikaipata kwa fundi saa, SSD kwenye duka la kompyuta. Nyumbani nikala ndizi za mama, usiku nikashusha Mint kwa bando, karibu GB 3, nikalinganisha namba zake za SHA256 na zile za tovuti yao ili nisije nikabeba faili bovu hadi Muleba. Nikaichoma kwenye flashi kwa Rufus, mpango wa MBR, kwa sababu Bibi ni wa BIOS ya zamani na UEFI haijui.

Jumatatu baada ya vipindi tukafungua. Betri ndani, diski ya zamani nje, ikafungwa kwenye gazeti na kuandikwa tarehe. Stoo kulikuwa na kompyuta mfu ya aina ile ile, tukamchomoa RAM yake GB 2, Bibi akawa na GB 4. Tukawasha kwa flashi... kioo cheusi! Mwalimu akakohoa. Nikarudia, safari hii nikachagua kwenye menyu ile njia ya kulegeza mambo ya michoro, inaitwa compatibility mode. Ikawaka. Saa moja baadaye Bibi alikuwa anafungua kwa sekunde chache, wakati zamani ulikuwa unamwasha, unaenda kunywa chai, unarudi anajifikiria.

Si kila kitu kilikaa sawa, nisiwadanganye. Faili la alama lilifunguka kwenye LibreOffice, jumla na nafasi zote sawasawa, lakini kitufe cha kutoa ripoti ya kila mwanafunzi kilikuwa makro ya Excel, kikagoma. Jumanne na Jumatano mimi na mwalimu tukaijenga upya kwa fomula za kawaida. Na hapo ndipo yeye alipojifunza VLOOKUP, akiwa na umri wa babu yangu, akiandika hatua kwenye daftari la andalio la somo. Alhamisi alama zilikuwa tayari, siku moja kabla.

Mnaosema mambo haya ni ya Wazungu tu, kumbukeni mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hivyo ni ndugu.

Basi mnaokwenda BTP, bebeni flashi mbili na betri moja ya CR2032. Kabla ya kugusa chochote ulizeni nani atabaki nacho mkishaondoka, na huyo ndiye mumkalishe kwenye kibodi. Mwalimu wangu juzi kanitumia ujumbe: kafanya sasisho mwenyewe, na diski kwenye gazeti hajaifungua.

Tuonane kesho kwenye semina. Alamsiki.