Diani, nilikofika wa mwisho mara mbili

Ukishuka matatu pale makutano ya Ukunda na kukata kushoto, barabara hukuongoza kuelekea baharini hadi ikutane na ile ya Diani, inayofuatana na ufuo upande wa kaskazini na wa kusini. Ni barabara ya tambarare, yenye kivuli cha miti mikubwa hapa na pale, na juu yake yamening'inizwa madaraja ya kamba ili mbega wavuke bila kukanyagwa na magari. Wageni wengi huipita ndani ya tuk-tuk wakiwa na haraka ya kufika hotelini. Mimi naijua tuta kwa tuta, maana nimeipita polepole mno, nikitokwa na jasho, nikiwa mtu wa mwisho kabisa.

Mpenzi msomaji, sina haja ya kukuficha. Nina kilo 104 na umri wa miaka 47. Jirani zangu wa mtaani Nairobi hunisalimu kwa heshima nikivaa suti, lakini siku wanayoniona alfajiri nimevaa kaptura, heshima hiyo hupungua. Mwendeshaji mmoja wa bodaboda alinipita nikikimbia akapaza sauti, "Mzee, pole pole, tumbo litakutangulia!" Abiria wake alicheka karibu aanguke. Nami nilicheka, ila nilipofika nyumbani sikutoka tena kwa siku tisa.

Mchezo ulionipeleka Diani unaitwa triathloni. Mtu huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, yote mfululizo bila saa kusimamishwa. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako ulianza kushindaniwa Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Sisi wa kawaida huanza na nusu ya hiyo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Si haba kwa mtu aliyekuwa akihema akipanda ngazi za ofisini.

Mara ya kwanza ilikuwa mapema mwaka 2024, katika mashindano madogo ambayo waandaaji wake siwataji, maana nia yangu si kuwaaibisha. Tulianza watu wachache. Nilitoka majini wa mwisho, nikashuka baiskeli wa mwisho, na kwenye mbio sikumwona mtu yeyote mbele wala nyuma. Nilitumia saa 3 na dakika 5. Nilipokaribia mwisho nilijikaza, nikavuta tumbo ndani, nikatazama mbele ili nione utepe. Hakukuwa na utepe. Palikuwa na viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kijana aliyekuwa akikunja turubai.

"Umetoka wapi, mzee?" akaniuliza.

"Kwenye mashindano," nikamjibu.

Alinihurumia, akanipa chupa ya maji yake mwenyewe. Akaniambia kwamba medali zimo ndani ya boksi, boksi limo garini, na gari limekwisha kuondoka. Nilikaa mchangani. Miguu ilikuwa ikiniuma, lakini haikuwa miguu iliyonifanya niapie kwamba sitarudi tena.

Nilikaa na uchungu huo kwa miezi miwili. Baiskeli ikawa ya kuanikia nguo. Kisha jioni moja binti yangu, aliye kidato cha tatu, akaja na simu yake. "Baba, hebu tazama hawa." Ilikuwa picha ya video kutoka Kailua-Kona, katika kisiwa cha Hawaii nchini Marekani, mahali penye mashindano maarufu ya Ironman. Huko mtu huogelea kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180, kisha akakimbia marathoni nzima. Wanaoanza alfajiri hupewa saa 17, kwa hivyo lango hufungwa karibu na usiku wa manane. Kilichonishangaza ni kwamba saa hizo za mwisho ndizo zenye shangwe kubwa kuliko zote. Barabara ya Ali'i hufurika watu. Mabingwa waliomaliza mchana, wakaoga na kula, hurudi kuwapokea wale wa mwisho na kuwavisha medali.

Nikaanza kusoma habari zake. Mbio hizo zilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, watu 15 wakajitokeza na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Lakini mwanzilishi mwenyewe, afisa wa jeshi la majini aitwaye John Collins, alitumia takriban saa 17. Yaani aliyeubuni mchezo alikuwa mtu wa nyuma kama mimi! Na mwaka 2018, Mjapani Hiromu Inada alimaliza mbio za Kona akiwa na miaka 85, dakika chache tu kabla ya lango kufungwa. Nikajua pia kwamba katika mashindano mengi ya Marekani wanaume wa kuanzia kama kilo 100 huwa na kundi lao, liitwalo Clydesdale. Ni jina la farasi wakubwa wa Uskochi waliozoea kukokota mizigo. Mke wangu alipolisikia alisema linanifaa sana, na mpaka leo sijui kama alinisifu.

Basi tukakata shauri nyumbani. Nitarudi Diani, lakini si kwa mashindano ya mtu. Nitamaliza mwendo uleule, na mwisho utakuwepo, maana watakaousimamisha ni watu wangu.

Mizani niliitoa bafuni nikaiweka juu ya kabati. Katika miezi kumi ya mazoezi nilipungua kilo tatu tu, na kama ningeendelea kuitazama kila asubuhi ningeacha mwezi wa pili. Badala yake binti yangu alinifungulia daftari la kurasa 96. Kila siku tuliandika mambo mawili: dakika nilizotoka nje na jambo moja nililoliona. Kurasa za kwanza zinachekesha. "Dakika 18. Paka wa jirani amezaa." "Dakika 25. Mvua." Nilikwenda kwa daktari kupimwa presha na moyo kabla ya kuanza, na namsihi kila mwenye mwili kama wangu afanye hivyo. Kwenye msitu wa Karura nilijifunza kukimbia hatua 200 na kutembea 100, tena na tena, badala ya kukimbia hadi nianguke. Baiskeli nayo ilinifundisha adabu. Gurudumu la nyuma lilikatika spoki mbili kwenye barabara ya Thika, na fundi akaniambia wazi kwamba gurudumu lile liliundwa kwa ajili ya mtoto wa shule. Akanifungia jingine lenye spoki 36 na kunionya nisikose kulijaza upepo wa kutosha.

Tulifika Diani Alhamisi, Februari 13, 2025. Tulipanda treni hadi Miritini, tukavuka Likoni kwa feri, baiskeli nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Jioni hiyo nilikwenda ufuoni kutafuta mtu wa kunisindikiza majini. Nikampata mvuvi mmoja wa makamo, Mdigo, akitia viraka wavu wake. Alinitazama kutoka juu hadi chini asiseme neno juu ya mwili wangu. Alichouliza ni siku.

"Wataka kuogelea lini, mjomba?"

"Kesho, saa moja na nusu asubuhi."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia leo, na sasa ni bamvua. Siku za bamvua maji ya huku hujaa sana alfajiri, na kufikia saa nne au tano asubuhi huwa yamekupwa hadi unaweza kutembea kuelekea mwambani. "Kesho saa moja na nusu yatakuwa yakikimbia kurudi nje, nawe utakimbia nayo. Ngoja Jumamosi. Kila siku maji huchelewa kidogo. Jumamosi yatajaa kama saa kumi na mbili. Ingia kumi na mbili na nusu, bado yatakuwa mengi, na yatakuwa yametulia."

Katika mashindano ya mwaka uliotangulia hakuna aliyenieleza hayo. Nilikuwa nimepigana na maji yanayokupwa nikadhani napigana na unene wangu.

Jumamosi, jua likiwa ndio kwanza linachomoza, nilijipaka mafuta ya mgando mapajani na kwapani. Wenzangu wanene wanajua kwa nini. Mapaja yakishasuguana na chumvi, siku imekwisha. Nikaingia baharini. Mvuvi alinifuata kwa mtumbwi wake, akisukuma kwa pondo. Ndani ya mwamba bahari ya Diani ni kama bwawa pana, mawimbi makubwa yanapasukia mbali kule nje, unayasikia tu yakinguruma. Na hapo ndipo mwili wangu ulipolipa deni lake. Mafuta huelea, na maji ya chumvi huyabeba zaidi kuliko ya bwawa la kuogelea. Miguu haikuzama. Nililala juu ya maji kama gogo la mbuyu, nikivuta mkono mmoja, kisha mwingine. Chini yangu niliona mwani, mchanga mweupe, na wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu ambao ukiwakanyaga utawakumbuka wiki nzima.

"Usishindane nayo," mvuvi aliniambia niliposimama kuvuta pumzi. "Yakikuvuta, yafuate, ukitoka kwa ubavu."

Dakika 29. Binti yangu aliandika kwenye daftari huku akirukaruka.

Kubadilisha nguo kulinichukua dakika nane nzima, maana hakuna kazi ngumu kama kumvisha soksi mtu mnene aliyelowa. Kisha nikashika barabara. Tulikuwa tumeipima: kilomita tano kuelekea kusini upande wa Galu, kurudi, kisha tena. Bodaboda zilinipita zikipiga honi. Watalii wawili wazee kuliko mimi walinipita kwa baiskeli za kukodi wakizungumza juu ya chai. Hapo zamani jambo hilo lingenivunja moyo. Safari hii niliitazama saa yangu mwenyewe, nikaona niko pale nilipopanga kuwa.

Kwenye mzunguko wa pili nilisimama. Sikusimama kwa kuchoka, bali familia nzima ya mbega ilikuwa ikivuka juu ya barabara kwa daraja la kamba, weusi, mabega yenye manyoya meupe marefu, na mmoja ana mtoto mweupe pe kifuani. Watoto wao huzaliwa wakiwa weupe. Niliwahesabu kumi na mmoja. Labda ilinigharimu dakika moja, na sijaijutia.

Baiskeli ilimalizika kwa saa 1 na dakika 8. Mambo yakawa magumu kuanzia hapo. Ilikuwa saa mbili na robo, na jua la kaskazi halina mzaha. Mwili mkubwa hutengeneza joto jingi na hulitoa kwa taabu, na hewa ya pwani, yenye unyevu mwingi, hairuhusu jasho likauke upesi. Mke wangu alinimwagia maji kichwani, akanipa chumvi kidogo ndani ya maji ya ndimu. Bahari ilikuwa imeshaanza kuondoka, ikaacha ukanda wa mchanga uliolowa, mgumu kama sakafu. Hapo ndipo pa kukimbilia. Juu zaidi mchanga ni laini, unakumeza hadi kifundo.

Hatua 200, tembea 100. Ufuo una mteremko, kwa hivyo ukienda upande mmoja mguu wa baharini huumia, na ukirudi huumia wa pili. Kijana mwenye ngamia alinifuata kwa muda. "Panda, mzee, nikufikishe. Bei ya mwenyeji." Nilitaka kumjibu lakini pumzi haikutosha. Kwenye kilomita ya tatu nikaanza kuhisi baridi mwilini katikati ya jua, na nikajua hiyo si dalili njema. Nikaacha kukimbia kabisa. Nilitembea chini ya kivuli cha minazi hadi baridi ile ikaniacha, nikanywa maji yote yaliyobaki. Nilifikiria kukaa chini. Nikaona kwa mbali, kama kilomita moja na nusu mbele, kitu chekundu kikipepea.

Ilikuwa leso ya mke wangu. Wameishika huku na huku, yeye na binti yangu, imekatiza ufuo. Mvuvi alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake uliokwisha kukwama mchangani, amenyanyua pondo juu kama bendera. Mabichiboi watatu waliokuwa wakipita waliuliza kuna nini, wakaambiwa, wakabaki. Nilirudia hesabu yangu ya hatua, 200 na 100, kisha 100 na 100, kisha nikapoteza hesabu.

Niliikata leso ile kwa tumbo, maana ndilo hufika kwanza. Bodaboda yule hakukosea.

Saa 2 na dakika 46. Binti yangu aliandika, akapiga mstari chini mara mbili, kisha akauliza niliona nini. "Mbega kumi na mmoja," nikamwambia. Mvuvi alikata dafu, akanipa, akasubiri nimalize kunywa. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja siku za mwezi hadi mwandamo.

"Bamvua ijayo iko mwisho wa mwezi, Mfungo ukikaribia," akasema. "Utakuja?"

Nilimtazama mke wangu. Naye alikuwa akiikung'uta leso yake mchanga, akisema kwamba safari ijayo ataomba kiti.